Klaketi Juu ya Taili za Kaka

Kaka yangu akipiga simu kutoka Kampala haniulizi nimeamkaje. Anauliza taili. "Dada, taili ziko salama?" Ndiyo salamu yake, mvua inyeshe, jua liwake, mtoto awe na homa. Nami humjibu, "Ziko salama, zinakusalimu sana," naye hacheki, kwa sababu haoni cha kuchekesha.

Nianze na nyumba yenyewe, maana mtu asiyeijua atadhani ninamtafutia ndugu yangu ugomvi wa bure. Iko Bwera, juu kidogo ya barabara inayoteremka kwenda mpakani, pale pale ilipokuwa nyumba ya baba yetu. Baba alipokufa, kaka aliibomoa ile ya udongo, akajenga ya matofali, na chini akatandaza taili nyeupe zinazong'aa mpaka kuku akiingia anasimama kujitazama. Fundi wa kuziweka alimtoa Kampala, kwa kuwa mafundi wa Bwera, alisema, mikono yao imezoea kuchimba mihogo. Yeye mwenyewe huja Krismasi, analala siku chache na mkewe, wanaondoka. Mwaka wote unaobaki, nyumba kubwa kama hiyo inataka mtu wa kulala ndani ili wezi wasiizoee. Mtu huyo ni mimi.

Nilikuwa nimeolewa Kasindi, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto, na huko ndiko Kiswahili kilikonikolea. Ndoa ilipokwisha, na ilikwisha vibaya, sitaki kuisimulia, nilirudi na watoto wangu na magunia ya nguo. Kaka akaniambia, "Kaa, dada, hapa ni kwenu." Kanisani walimsifu sana. Na mimi niliamini, kwa nini nisiamini? Huyu nimembeba mgongoni, huyu nimemfuta kamasi kwa kitenge changu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikajiambia wamesema nguo, hawakusema nyumba.

Basi tukakaa, na masharti yakaja moja moja kwa simu. Viatu vyote vibaki mlangoni. Miguu ya viti ivalishwe mpira wa baiskeli. Kinu kisiguse baraza. Maji yakimwagika yafutwe papo hapo, tena kwa kitambaa laini, si kwa gunia. Watoto wangu wakazoea kutembea ndani kama watu waliokuja kuiba. Mimi niliona ni adabu, na wageni wakiwasifu nilikuwa ninafurahi.

Sasa huyu binti yangu wa kati. Mwaka huo alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la saba, na miguu yake haijawahi kutulia tangu akiwa tumboni. Parokiani kulikuwa na mwanamke wa Kikongo, mkimbizi kutoka Butembo, mwalimu wa shule huko kwao, na Jumamosi alikuwa anawafundisha watoto kucheza katika ukumbi. Huyo mama alikimbia vita akaacha sufuria zake zote jikoni, lakini ndani ya mkoba akabeba vyuma vidogo vya viatu. Watu walimcheka. Aka! Mtu anakimbia risasi na vyuma vya kuchezea? Yeye akawajibu kwamba sufuria zinauzwa kila soko, ila vyuma hivyo aliachiwa na sista aliyemfundisha utotoni, na wamtajie duka la Bwera linaloviuza.

Mchezo wenyewe aliuita klaketi, nasi tukauita hivyo hivyo. Kiatu kinapigiliwa chuma mahali pawili, mbele chini ya vidole na nyuma chini ya kisigino, na mchezaji anapiga sakafu kwa miguu jinsi mpiga ngoma anavyopiga kwa mikono. Binti yangu sikumpeleka mimi, alijipeleka. Fundi viatu wa sokoni alivipigilia vyuma kwenye viatu vyake vya shule, na mimi nikaja kujua baadaye, mambo yameshakwisha. Nilikwenda ukumbini nikiwa nimekasirika, nikimtafuta huyo mwalimu nimpe vipande vyake. Nikamkuta amekaa kwenye kiti, amewapa watoto mgongo kabisa. Watoto wako nyuma yake juu ya jukwaa la mbao wanacheza, yeye anatazama ukuta.

"Mwalimu gani huyu hatazami watoto?" nikamuuliza.

"Klaketi si ya macho, mama, ni ya masikio," akasema bila kugeuka, kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Ule mutoto wa mwisho ni wako? Iko na masikio ku miguu. Benye kuruka beko wengi. Benye kusikia beko kidogo."

Nikakaa.

Sikukuu ya parokia ilipofika, watoto wakacheza juu ya jukwaa lile mbele ya watu wote, na miongoni mwa wageni alikuwepo mwalimu wa muziki wa sekondari moja ya Kasese. Shule yake hushindana na nyingine kwa nyimbo na ngoma kila mwaka, na wanatafuta kitu ambacho wenzao hawana. Binti yangu alipomaliza, mwanamume huyo alinifuata mpaka kwenye benchi. "Mama, mlete Januari, siku yetu ya kuchagua. Akicheza hivi mbele ya wenzangu, atasoma bure mpaka amalize, na kulala atalala shuleni."

Mimi ninauza vitenge Mpondwe, soko la pale mpakani, na ninachopata kinaishia tumboni mwa watoto siku hiyo hiyo. Kaka alikwishanipa jawabu lake kuhusu sekondari: msichana akimaliza la saba ajifunze cherehani, yatosha. Sikuwa na mlango mwingine wa kumpitisha mtoto yule. Atasoma bure mpaka amalize. Nilitembea na maneno hayo sokoni, nikayalalia, nikayaamkia.

Haukupita muda vita ikawaka tena ng'ambo, watu wakavuka mto kwa mamia, na ukumbi wa parokia ukajaa. Juu ya jukwaa kukatandikwa magodoro ya wazazi waliojifungua njiani. Huwezi kumwambia mwanamke mwenye kichanga asogee ili mtoto wako acheze, na hata ungekuwa na uso mkavu kama wangu huwezi. Mwalimu akaniambia, "Arudilie ku nyumba kila siku, mama. Mguu bila kurudilia inasahau." Nyumbani! Mwenzangu alisema hivyo kwa urahisi, hajawahi kuingia kwetu.

Siku ya kwanza mtoto alicheza sebuleni nikiwa sokoni. Niliporudi, karibu na mlango nikaona mchirizi mwembamba juu ya taili, na taili ya pili yake imemeguka pembe. Kichwa cha msumari wa fundi hakikuzama vizuri kwenye chuma, kikawa kinachora. Nilipiga kelele kama mtu aliyekanyaga siafu. Nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa dawa ya meno, nikapaka nta ya mshumaa, mchirizi ukabaki unanitazama. Mtoto amesimama na viatu mkononi, analia, na mimi ninapiga magoti ninasugua, ninamlaani fundi, ninamlaani sista wa watu aliyekwisha kufa.

Tukaanza kutafuta dawa. Tukatandika mkeka, ukateleza, akaanguka kwa kiuno. Tukatandika kipande cha zulia, kikameza sauti yote. Blanketi likameza zaidi. Nilifika mpaka kwenye maboksi ya sabuni, nimeyakunjua na kuyabandika, yakachanika siku hiyo hiyo. Jikoni kwangu ni nje, na chini ni udongo; chuma kinazama tu kama jembe. Mwalimu alipita siku moja kututazama, akasimama uani, akasikiliza dirishani mtoto akicheza juu ya blanketi.

"Mama, mi nasikia mutoto anakanyaga unga," akasema. "Sauti iko wapi? Akikosa, nani atamwambia? Weye? Hapana. Ile chuma ndiyo inamwambia. Tafuta mbao."

Mbao nilikuwa nayo na sikujua. Kaka alipobomoa nyumba ya baba, mlango wa mbele, wa mvule, mzito, alikuwa ameutupa nyuma ya jikoni, na juu yake kukapangwa kuni, na juu ya kuni wakalala kuku. Nikaondoa kuku, nikaondoa kuni, nikausugua. Ulikuwa mzima kabisa. Kwanza tuliuingiza sebuleni, tukatandika magunia chini yake, lakini kila kisigino kilipotua mlango uliteleza na pembe yake kutaka kubusu ukuta. Kuna usemi kwamba nyumba ya udongo haihimili vishindo. Ile ya udongo ya baba tulicheza humo mpaka basi, haikusema neno. Hii ya matofali ndiyo haihimili hata kikohozi.

Nikautoa uani. Ardhi pale ina mabonde, mlango ukawa unayumba, na unyevu ukaanza kuupanda. Ndipo mimi, kwa akili zangu mwenyewe, nikachukua panga, nikakata migomba miwili iliyokwisha kuzaa, nikalaza magogo yake sambamba, nikauweka mlango juu. Laini chini, mbao haipasuki, miguu ya mtoto haiumii. Nilijipongeza. Nikasema, wanawake wa Bwera wana akili jamani, tatizo hatuna anayetuuliza.

Mkonzo yeyote, mtu wa kabila letu, anayesoma hapa ameshacheka. Magogo mawili ya mgomba, mbao juu yake: hiyo ni endara. Kwa asiyeijua, endara ni muziki wetu mkubwa, mbao zinapangwa juu ya magogo ya mgomba na wanaume wanakaa kuzipiga kwa fimbo, na mgomba unawekwa pale kwa sababu moja tu, mbao ipate kulia kwa nguvu zake zote. Nimeiona tangu sijaota meno. Mikono yangu ilijua inatengeneza nini, kichwa ndicho kilichodhani kinatengeneza kitanda cha kupunguza kelele.

Mtoto akapanda, akashusha kisigino kimoja. Yesu Maria! Sauti ikatoka pale ikapanda mlimani, ikagonga huko, ikarudi. Mbwa wakabweka. Mtoto akanitazama, macho yamemtoka, akashusha cha pili. Kisha akaachia miguu yote.

Kabla hajamaliza, uani kumejaa watu. Jirani mmoja alikuja na kibuyu cha pombe kabisa, akijua kuna sherehe. Akina mama walikuwa wamejifunga vitenge vya kutokea. Nyuma yao akaja baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye anayejifanya mkubwa wa ukoo, amevaa koti lake la harusi na mazishi, anatweta kwa kupanda kilima.

"Nani ameita endara na mimi sijaambiwa?" akafoka.

"Hakuna endara, baba mdogo. Ni mtoto anajifunza."

"Mtoto anajifunza nini?"

"Kucheza. Kwa viatu."

Watu wakaangua kicheko, na mwenye kibuyu akasema kwa kuwa pombe imeshafika basi isirudi. Mtoto akaambiwa aendelee. "Anapiga endara kwa miguu!" walikuwa wakisema, na mzee mmoja akaokota kijiti akawa anajibu mapigo yake kwenye ukingo wa mlango. Wote walifurahi isipokuwa baba mdogo. Aliondoka akiwa amenuna, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Endara hailii uani kwa mtu hivi hivi. Inalia mwenye mji, mwenye boma lake, akikubali."

Tulipata majuma mazuri baada ya hapo, siwezi kukataa. Kila alasiri akitoka shule anapanda mlango wake. Mimi ninaosha vyombo nimempa mgongo, na polepole nikajifunza kusikia alichokuwa anasikia yule mwalimu. Mtoto anapiga, anasimama, anasonya, anarudia. Hakuna aliyemwambia amekosea, mlango ndio uliomwambia. Siku nyingine alikuwa anarudia kipande kimoja mpaka giza linaingia, halafu ghafla kinakaa sawa, na mimi na yeye tunacheka bila kutazamana. Taili zikawa salama salimini, hakuna aliyezigusa. Nilikuwa ninahesabu Januari imefika.

Lakini neno lilikwishapanda basi la Kampala. Sijui baba mdogo mwenyewe au aliyetumwa naye, mtu alimpigia kaka akamwambia, dada yako ameita endara kwako. Kaka yangu ameokoka. Katika maneno hayo alisikia mambo mawili, kwamba shetani ameingia uani kwake, na kwamba mimi nimejifanya mwenye mji. Siku hiyo alipopiga simu hakuuliza taili. Aliuliza, "Dada, mji huo umekuwa wako lini?"

Alifika Jumamosi mchana na pikapu yake. Alivua viatu, akavua soksi, akatembea juu ya taili taratibu akizipapasa kwa nyayo, chumba hadi chumba, na karibu na mlango kidole chake cha mguu kikasimama. Hakuinama hata. Aliniita tu.

Nikamweleza yote. Sikuficha mchirizi, sikuficha pembe iliyomeguka. Nikamweleza kuhusu shule ya Kasese. "Atasoma bure, kaka. Mpaka amalize. Hutaombwa hata kalamu."

"Akiwa mcheza ngoma."

"Akiwa mwanafunzi."

"Ngoma za mila, dada, ni mlango wa shetani. Nimewafundisha hilo hapa hapa."

Nikamwambia klaketi si mila ya mtu yeyote wa Bwera, imeletwa na masista. Hakunisikia, alikuwa ameshatoka nje kwenda kuona. Alipouona mlango wa baba juu ya magogo alisimama muda. Nikadhani ameguswa. Nilimfahamu akiwa mtoto, nikadhani anakumbuka.

Tazama sasa maajabu. Mtu huyu huyu wa mila ni shetani alituma aitwe baba mdogo. Akamkalisha kwenye kiti chenye mpira wa baiskeli miguuni, akamfungulia soda, akamuuliza kwa heshima zote, "Baba mdogo, kwa mila yetu, mlango wa nyumba ya marehemu ni wa nani?"

Baba mdogo akanywa kwanza. "Mlango wa mji ni wa mtoto wa kiume. Mwanamke haukanyagi."

Haukanyagi! Mlango ambao nimeufungua na kuufunga tangu nikiwa sikifikii kitasa! Mila hiyo sikuwahi kuisikia, na wazee niliowauliza baadaye hawakuwahi kuisikia, mmoja wao alicheka mpaka akakohoa. Lakini kaka alitikisa kichwa kukubali, kama shemasi anayesikiliza mahubiri. Mchana mila ni shetani, jioni mila ni hakimu.

Magogo aliyakatakata kwa panga langu mwenyewe. Mlango wakaupakia kwenye pikapu, ataufanya meza, alisema, mbao za siku hizi si mbao. Hapo nikafungua mdomo. Nilimwambia yote niliyoyameza tangu nirudi, nikamkumbusha ni mgongo wa nani uliombeba, nikamwambia kama anazipenda taili zake basi aje azilalie mwenyewe. Alinisubiri nimalize. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Dada, kama masharti ni magumu, Kasindi si mbali."

Nikanyamaza. Mimi, ninayejulikana soko zima kwa mdomo wangu, nilinyamaza, kwa sababu watoto walikuwa wamesimama barazani wanasikia na kila mmoja alielewa maana yake ni nini. Akavaa soksi zake, akaondoka. Kabla ya kupanda gari alisema vyuma vile visipite mlangoni kwake tena.

Msiniambie ningetafuta mahali pengine. Nilitafuta. Kanisa letu jukwaa ni la saruji na limefunikwa zulia. Shule zimefungwa. Niliomba baraza ya duka moja yenye mbao, mwenye duka akavumilia siku moja akasema wateja hawasikii bei. Seremala alisema nimletee mbao atanipigia jukwaa, mbao ndiyo niliyokuwa ninatafuta. Na kabla ya Krismasi malori yakaja kuwachukua wakimbizi wa ukumbini kuwapeleka kambini, wakamchukua na mwalimu. Alipita mbio kutuaga, mkoba begani, vyuma akamwachia mtoto. Ukumbi uliondokewa na watu, lakini jukwaa nalo lilikuwa limeondoka. Watu walilipikia chai vipande vipande, na mimi siwalaumu, mtoto mchanga anataka maji ya moto.

Kwa hiyo alijifunza bila kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akipiga hewa. Alicheza pekupeku kwenye udongo wa jikoni. Siku moja hasira zilinijaa nikatoka chumbani nikamwambia, "Vaa viatu vyako. Panda hapo kwenye taili ucheze, zivunjike zote, liwalo na liwe!"

Akanitazama. "Mama, tutalala wapi?"

Swali hilo halikuwa la mtoto. Lilikuwa langu, mimi ndiye niliyepaswa kukesha nalo, na yeye alikuwa amelibeba muda wote huo bila kusema. Nilirudi chumbani nikalia kwenye mto.

Januari tukateremka Kasese. Alikuwa amevaa gauni nililomshonesha, nywele nimemsuka mwenyewe, viatu vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Njiani aliongea sana, akaniuliza kama kitanda cha shule ni cha juu au cha chini, na kama nitakuja siku ya kutembelewa. Nikamwambia nitakuja na kuku mzima. Tukafika, tukaelekezwa kwenye ukumbi mpya wa shule, mkurugenzi anawaonyesha wazazi kwa fahari, na mimi kabla sijaona watu niliona chini. Taili. Nyeupe, mpya, zinang'aa.

Watoto wengine walikuja pekupeku na njuga, wakacheza vizuri, wakapigiwa makofi. Jina la binti yangu likaitwa. Alivaa viatu pembeni, kwenye saruji, akafunga kamba, akaja mpaka pale taili zinapoanzia. Akasimama. Ngoma za shule zikaanza, yeye haingii. Mwalimu wa muziki akamtabasamia, "Haya, mtoto, karibu." Haingii. Akageuka, akanitafuta katika watu mpaka akaniona, akauliza kwa sauti, kwa lugha yetu ya nyumbani, "Mama, nikanyage?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walidhani ni haya ya kitoto. "Kanyaga!" nikamwambia. "Kanyaga, mama, kanyaga!"

Akakanyaga. Nilikuwa ninazijua hatua zote, na nawaambia hakukosa hata moja. Mikono ilikaa sawa, mgongo umenyooka, uso unacheka kama alivyofundishwa. Ila kisigino kilipokaribia taili kilisita chenyewe, kikatua taratibu jinsi unavyoweka yai kwenye sahani. Kingine vilevile. Chuma juu ya taili, na hakuna sauti. Sijui hata aliwezaje, mtu mzima akijaribu hawezi.

Mwalimu wa muziki alisimamisha ngoma. Alikwenda mwenyewe mpaka alipo, akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole, "Mtoto wangu, piga tu. Usiogope. Hiyo ni sakafu tu, imewekwa ikanyagwe."

"Ndiyo, mwalimu," akasema. Akaanza upya. Nikamwona usoni anataka, jasho linamtoka, midomo ameibana, anaiambia miguu yake ipige, na miguu inakataa. Alicheza mpaka mwisho hivyo hivyo. Mwanamke mmoja mezani kwa wachaguaji, ambaye hakuwahi kumwona kabla, alimwinamia mwenzake, na sauti yake ikanifikia mimi niliko: "Amecheza vizuri, lakini viatu hivyo vina kazi gani?"

Majina yalisomwa jioni, lake halikuwemo. Kaka yangu sijamwambia, na siku hiyo kama angenipigia simu sijui ningemtukana matusi gani. Tulikuwa tunatoka getini, viatu ameviweka tena mfukoni, anatembea pekupeku. Hakulia. Alinishika kitenge akaniuliza, "Mama, nilikosea wapi? Mimi sikusikia."

Nikamwambia hakukosea mahali popote. Akaniuliza tena.